SOMO: TUSOME DAFTARI LA MTAMBO, TUJUE NANI ALIINGIA



Mwaka jana karani mmoja wa mishahara, mwanachama mwenzetu katika shamba moja la chai, alisimamishwa kazi. Kilo za wachumaji zilikuwa zimepunguzwa usiku ndani ya kompyuta yake, na wakubwa wakasema: kompyuta ni yako, neno la siri ni lako, basi na mkono ni wako. Kamati ya tawi ilipouliza kama fundi wa mbali naye huingia katika kompyuta hiyo, tulijibiwa kwamba mambo hayo hatuyawezi. Tuliposhikilia tuonyeshwe daftari la mtambo, lilikuwa limekwisha kufutwa, maana lilipangwa kutunza siku 14 tu. Ndugu yetu alirudishwa kazini baada ya miezi minne. Mshahara wa miezi hiyo hakuuona, na mpaka leo hatukujua ni nani aliyeingia.

Kwa hiyo somo la safari hii ni juu ya daftari hilo.

Viwanda na mashamba mengi siku hizi yana programu ya kufikia kompyuta kutoka mbali. Fundi yuko mjini, lakini anaishika kompyuta ya mizani au ya mishahara kana kwamba amekaa mbele yake. Katikati pana kompyuta kubwa, yaani seva, ambayo ndiyo geti. Anayetaka kupita huonyesha jina na neno la siri. Mwizi anaweza kuiba neno la siri, na hilo sote tunalijua. Lakini iko njia nyingine: kupita mahali ambapo mlinzi hakuulizi kitu. Hapo hakuna neno la siri lililoibiwa wala lililotolewa, na kumlaumu karani kwamba alilitoa ni kumwonea.

Mfano wa kweli ni wa Februari 2024. Kampuni ya ConnectWise ya Marekani hutengeneza programu ya namna hii iitwayo ScreenConnect. Tarehe 19 mwezi huo kampuni ilitangaza kwamba toleo la 23.9.7 na yote yaliyotangulia yana kasoro, na kwamba toleo la 23.9.8 limeiziba. Kasoro ilipewa namba CVE-2024-1709 na kupimwa pointi 10 kati ya 10. Siku chache tu baadaye wezi walikwisha kuitumia, na wengine walifunga mafaili ya watu wakidai fedha. Seva zilizotunzwa na kampuni yenyewe zilirekebishwa na kampuni. Wenye seva zao wenyewe walitakiwa kurekebisha kwa mkono wao, na huko ndiko walikoumia wengi.

Kasoro yenyewe ilikuwa ndogo ya kuchekesha, kama si kuliza. Programu ikiwekwa mara ya kwanza, hufungua ukurasa wa kuanzishia, SetupWizard.aspx, ambapo msimamizi wa kwanza huandikishwa. Kazi hiyo ikiisha, ukurasa haupaswi kufunguka tena. Lakini ukaguzi ulilinganisha jina la ukurasa herufi kwa herufi. Mtu akiongeza alama ya mkwaju na neno lolote mwishoni, mkaguzi aliona jina tofauti akamwachia, na seva ikamfungulia ukurasa uleule. Mgeni akajiandikisha kuwa msimamizi, na faili la watumiaji, User.xml, likaandikwa upya juu ya lile la zamani. Kutoka hapo aliweza kuamuru kompyuta zote zilizounganishwa.

Tazameni sasa daftari. Anwani hii ni ya mfano tu:

2024-02-21 23:14:07 203.0.113.25 GET /SetupWizard.aspx/abc 200
2024-02-21 23:14:31 203.0.113.25 POST /SetupWizard.aspx/abc 200

Kila mstari una tarehe, saa, anwani ya aliyekuja, alichofanya, ukurasa alioutaka na nambari ya jibu. GET ni kuomba ukurasa. POST ni kuwasilisha fomu iliyojazwa. 200 maana yake seva ilikubali kujibu. 403 ni kukataliwa. 404 ni kwamba kitu hakikupatikana. Fundi mwaminifu huonekana akipitia /Login. Kwa hiyo tafuteni neno SetupWizard bila kujali herufi kubwa au ndogo, mtazame kama lina mkwaju na kitu nyuma yake. Likionekana kwenye seva iliyokwisha kuanzishwa zamani, na GET ikafuatwa na POST kutoka anwani ileile, pigeni kelele.

Lakini tusiwe wepesi wa kuhukumu kama wale tunaowalalamikia. Wapitaji hubisha kila geti duniani, na mstari wenye 404 ni wa aliyebisha akaondoka. Hata 200 peke yake haitoshi. Itazamwe pamoja na saa ambayo User.xml ilibadilishwa, na kama asubuhi yake watumiaji wa zamani walishindwa kuingia. Pia kama mbele ya seva pana mtambo mwingine wa kupokea wageni, anwani inayoandikwa yaweza kuwa ya mtambo huo, na daftari la kweli likawa huko.

Saa ndiyo iliyotushinda sisi mara ya kwanza. Madaftari mengi huandika saa ya UTC. Kampala, Nairobi na Dar es Salaam ziko mbele kwa saa 3. Kigali, Bujumbura na Bukavu kwa saa 2. Ile 23:14 ya tarehe 21 ni 02:14 ya tarehe 22 kwa Kampala, yaani saa nane na dakika kumi na nne usiku. Karani aliyetoka saa kumi na moja jioni, kadi yake ikapigwa getini, hakuwapo. Asiyejua kugeuza saa hizi atapeleka mtetezi wake mbele ya meneja na tarehe isiyo yake.

Jambo jingine: kuweka toleo jipya hufunga tundu, lakini halimtoi aliyekwisha kuingia. Akiwa alijiandikisha jina, jina linabaki mpaka lifutwe.

Mwanachama akishukiwa, katibu wa tawi aandike barua siku hiyohiyo, asingoje kikao. Barua iombe nakala ya daftari la seva na la mtambo ulio mbele yake kwa siku 30 zilizopita, orodha ya wasimamizi wote wa programu, namba ya toleo na tarehe lilipowekwa, na iagize kwamba kitu chochote kisifutwe wakati shauri linaendelea. Nakala tatu: moja kwa meneja, moja kwa tawi, moja kwa mshukiwa mwenyewe, na ya meneja itiwe sahihi ya kupokelewa pamoja na saa.