Nimzuie mume wangu kujiunga na kikundi cha wagonjwa wa figo?

Swali: Mume wangu husafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki. Wenzake wamemwalika kwenye kikundi chao. Nahofia atakata tamaa, au atauziwa miti shamba. Nimzuie?

Jibu: Usimzuie, dada. Awamu moja huchukua takriban saa 4, yaani saa 12 kati ya 168 za wiki. Zilizobaki yuko mbali na mashine na wauguzi. Ndizo saa za kiu, za kukataa dafu na ndizi kwa sababu ya potasiamu, za kulinda mkono wenye fistula (mshipa uliotengenezwa kwa ajili ya mashine) usibebe ndoo wala kupimwa presha. Daktari humpangia kiasi cha maji. Namna ya kuishi nacho, kwa kusukutua mdomo au kumumunya kipande cha barafu kinachohesabiwa, huielewa zaidi mwenye kiu kama yake.

Hofu yako ina msingi. Misiba itatokea kikundini, na baadhi ya miti shamba huharibu figo. Lakini hayo atayasikia hata kwenye benchi la kusubiri, tena bila wa kumsahihisha. Tafuteni kikundi kinachohudhuriwa na muuguzi na kisichouza dawa yoyote. Mara ya kwanza, nenda naye.