Umbali, Masafa na Mwendo: Mfano wa Safari ya Nairobi hadi Mandera

Makala haya yanajadili maneno matatu ambayo aghalabu huchukuliwa kuwa visawe: umbali, masafa na mwendo. Mifano yetu inatoka Kaskazini Mashariki mwa Kenya, ambako tofauti ya maneno haya si suala la kamusi pekee.

Umbali ni nafasi iliyopo baina ya sehemu mbili. Kutoka Nairobi hadi Mandera, kwa mstari ulionyooka, ni takriban kilomita 800. Kwa barabara ipitayo Garissa na Wajir, huzidi 1,000. Masafa, neno lenye asili ya Kiarabu, hukaribiana nalo sana, ingawa siku hizi limejipatia kazi nyingine: elimu ya masafa, masafa ya redio.

Mwendo ni jambo jingine. Neno hili limetokana na kitenzi -enda, hivyo ndani yake daima yumo anayekwenda. Ndege yenye kasi ya kilomita 500 kwa saa ingezimaliza kilomita 800 kwa saa moja na dakika 36, kabla ya kuongeza muda wa kupaa na kutua. Basi huchukua siku nzima au zaidi, hasa mvua zikinyesha.

Tena mwendo hubadilika ilhali umbali umetulia. Tarehe 22 Novemba 2014, basi lililotoka Mandera kuelekea Nairobi lilishambuliwa na watu 28 wakauawa, wakiwemo walimu waliokuwa wakienda likizo. Mwaka uliofuata walimu wengi wasio wenyeji walikataa kurejea kazini. Barabara haikuwa imerefuka hata hatua moja. Novemba 2023, mafuriko ya Mto Tana yaliikata barabara kati ya Madogo na Garissa, miji inayotazamana, na wasafiri wakavushwa kwa mashua. Anayeuliza umbali hapo atapewa jibu sahihi lisilomfaa kitu.

Sasa tuje kwenye tatizo la sarufi. Tungo "safari ya saa sita" ina maana mbili: safari inayodumu kwa muda huo, au inayoanza adhuhuri. Vivyo hivyo "ndege ya saa mbili". Msafiri anayempeleka mgonjwa Nairobi hawezi kuubeba utata huu kwa urahisi, maana ndege ikishapaa imepaa.

Wasemaji wengi huutatua kwa kusema "masaa sita" wanapokusudia muda, na "saa sita" wanapokusudia wakati. Walimu wetu hulikataa umbo hilo kwa kuwa saa imo katika ngeli ya I-ZI. Kwa maoni yetu, kulisahihisha bila kueleza linafanya kazi gani ni kuacha nusu ya somo. Sarufi sanifu nayo ina njia zake: "safari ya muda wa saa sita" dhidi ya "safari inayoanza saa sita mchana". Ni ndefu, lakini hazina utata.

La kuzingatiwa ni kwamba siku hazina tatizo hili. "Mwendo wa siku tatu" hauwezi kueleweka vingine, kwa sababu tukitaka kutaja siku mahususi katika mfuatano husema "siku ya tatu". Saa ya ukutani haitumii kiunganishi hicho: twasema "saa tatu", kama vile tunahesabu saa zenyewe.