Mills Brothers: Bendi Nzima Vinywani mwa Ndugu Wanne

Wasikilizaji wengi wa muziki wa zamani wanaijua sauti yao bila kulijua jina lao. Yafuatayo ni majibu ya maswali yanayoulizwa mara nyingi kuhusu familia hii ya waimbaji iliyovuma Marekani tangu 1931.

Mills Brothers walikuwa akina nani?

Ni ndugu wanne, baba mmoja mama mmoja: John, Herbert, Harry na Donald. Walizaliwa Piqua, mji mdogo wa jimbo la Ohio. Mkubwa alizaliwa 1910 na kitinda mimba 1915. Baba yao, John Mills, alikuwa kinyozi mwenye duka lake, na mwimbaji pia. Wakati ule maduka ya vinyozi ya Wamarekani weusi yalikuwa vijiwe vya kuimba kwa sauti nne, na mzee huyo alikuwa na kundi lake. Watoto walikulia ndani ya sauti hizo.

Ilikuwaje wakaanza kuiga ala kwa vinywa?

Mwanzoni waliimba huku wakipuliza kazoo, kifilimbi ambacho ukivumisha sauti ndani yake hutoa mlio wa kukwaruza. Wenyewe walisimulia kwamba siku moja, kwenye mashindano ya vipaji mjini kwao, Harry alifika jukwaani akagundua hana kazoo yake. Akaviringa viganja mbele ya mdomo na kuigiza tarumbeta. Watu wakafurahi, na ndugu wakaona kwamba hapo kuna kitu. Wakagawana bendi: Harry tarumbeta ya kwanza, Herbert ya pili, Donald tromboni, na John, mwenye sauti nzito, tuba. John pia ndiye aliyepiga gitaa.

Je, kweli hakukuwa na tarumbeta kwenye rekodi zile?

Hakukuwa na hata moja. Wasikilizaji wa enzi hizo nao hawakuamini, kiasi kwamba kampuni ya rekodi ilichapisha maelezo kwenye sahani za santuri kuwa hakuna ala iliyotumika isipokuwa gitaa moja. Ukisikiliza “Tiger Rag” ya 1931, iliyouza zaidi ya nakala milioni moja, utaelewa kwa nini maelezo hayo yalihitajika. Ala za shaba zinalia, besi inatembea chini yake, halafu ghafla bendi inayeyuka na kuwa waimbaji wanne wenye maneno.

Jambo ninalotaka msomaji alishike ni kwamba kuiga mlio peke yake si kazi kubwa. Watoto wengi huweza. Ugumu uko kwenye kuiga fikra za mpiga ala: wapi tarumbeta huingia, wapi hunyamaza, tromboni huteleza vipi kutoka noti moja hadi nyingine, tuba huacha nafasi gani ili mdundo upumue. Vijana hawa walikuwa wamesikiliza bendi za jazi kwa makini ya ajabu. Kipaza sauti nacho kiliwasaidia sana, kwa sababu kilinasa minong’ono na mivumo ambayo ukumbini isingefika hata safu ya tatu.

Kwa nini sauti za ndugu hukubaliana kiasi hicho?

Sehemu moja ni maumbile: vinywa na makoo ya ndugu hufanana. Lakini naona malezi yana uzito zaidi. Waliolelewa nyumba moja hutamka irabu kwa namna moja, hukata neno mahali pamoja na huvuta pumzi pamoja bila kupeana ishara. Mwalimu yeyote wa kwaya anajua jinsi irabu zisizolingana zinavyoharibu wimbo hata kama kila mtu yuko kwenye noti yake. Akina Mills hawakuwa na tatizo hilo, kwa kuwa walikuwa wamelitatua wakiwa watoto.

Walifikaje kwenye redio ya taifa katika enzi ya ubaguzi?

Walianzia kituo cha WLW cha Cincinnati, wakasaidiwa na mwanamuziki wa jazi Duke Ellington kufika New York, na huko shirika la CBS likawapa mkataba. Wanahesabiwa kuwa Wamarekani weusi wa kwanza kuwa na kipindi chao kwenye redio iliyosikika nchi nzima. Tulipime jambo hilo vizuri: sauti zao ziliingia sebuleni mwa watu ambao wasingekubali kuketi nao meza moja. Mwaka 1934 waliimba London mbele ya Mfalme George wa Tano na Malkia Mary.

Ni kweli kwamba baba yao aliingia kundini?

Ndiyo, na sababu yake ni msiba. John aliugua wakiwa ziarani Uingereza, akafariki Januari 1936 akiwa na miaka 25. Kundi lilikuwa limepoteza kaka, besi na mpiga gitaa kwa mpigo mmoja. Mzee Mills, aliyekuwa amevuka miaka 50, akachukua nafasi ya mwanawe ya kuimba, na mpiga gitaa mwingine akaajiriwa. Baba aliimba na wanawe kwa takriban miaka 20. Sidhani kama kuna jambo katika historia yao linalonigusa kuliko hilo.

“Paper Doll” ilipataje umaarufu mkubwa hivyo?

Wimbo ulitungwa 1915 na Johnny Black. Wao waliurekodi mapema 1942, ukawekwa upande wa pili wa sahani ya “I’ll Be Around”. Miezi michache baadaye chama cha wanamuziki kikagoma kurekodi, na kampuni zikabaki kuuza zilichokuwa nacho ghalani. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimetenganisha wapenzi, na wimbo wa mpweke aliyechoshwa na mapenzi ya kuibiwa ukawakuta watu mahali walipo. Mwishoni mwa 1943 ulishika namba moja na kukaa hapo wiki 12.

Kipindi chao bora ni kipi?

Wengi watasema miaka ya “Paper Doll”, au 1952 walipofika tena kileleni kwa “The Glow-Worm”. Mimi nasema 1931 hadi 1934. Rekodi za baadaye ni tamu na zimepangwa vizuri, lakini wakiimba mbele ya okestra halisi, ile bendi ya vinywani haikuwa na kazi tena. Waliongeza wasikilizaji, wakapunguza maajabu.

Je, waliigusa Afrika?

Waliigusa, hasa Afrika Kusini. Manhattan Brothers wa Johannesburg, ambao hawakuwa ndugu wa damu, waliwaiga Mills Brothers na kujiita kwa mtindo wao, kisha wakaimba kwa lugha za kwao. Katika miaka ya 1950 walimchukua msichana mmoja kuimba nao: Miriam Makeba.

Waliishia wapi?

Baba alistaafu katika miaka ya 1950, wakabaki watatu. Mwaka 1968, zama za roki, “Cab Driver” yao iliingia 40 bora Marekani. Harry alifariki 1982, Herbert 1989. Donald aliendelea kuimba na mwanawe, akapokea tuzo ya Grammy ya heshima ya maisha 1998, akafariki mwaka uliofuata.

Asiyewajua aanze na wimbo gani?

Aanze na “Tiger Rag”, kisha “Dinah” waliyoimba na mwimbaji Bing Crosby mwaka huohuo wa 1931, na “Paper Doll” iwe ya mwisho. Avae visikizi, na mara ya kwanza afuatilie tuba ya John tu.