Kuishi Leo na Jeraha la Jana: Kijitabu kwa Wakazi wa Riruta Satellite, Kawangware na Kibera

Kila uchaguzi unapokaribia, wapo wazazi wa Kawangware wanaowapeleka watoto mashambani mapema. Wengine hubaki, lakini usiku hawalali; bodaboda ikitoa mlio mkali tu, wanaruka kitandani. Majirani huwaita waoga. Hawajui kwamba watu hawa waliona maduka yakichomwa hapa Oktoba 2017, au walipoteza ndugu katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Ghasia hizo ziliua zaidi ya watu 1,100 nchini na kuwafurusha mamia ya maelfu. Kibera reli iling'olewa, na soko la Toi likateketea.

Kuna majeraha mengine, na mengi hayakufika gazetini. Mama aliyepigwa miaka mingi nyuma ya mlango wa mabati. Msichana aliyenajisiwa na mtu anayemwita mjomba. Familia iliyotazama matingatinga yakibomoa nyumba yake Kibera Julai 2018 ili barabara ipite. Kijitabu hiki ni chenu nyote.

Kwa nini kusahau hakutoshi

Mwili ulioponea chupuchupu hujifunza kukesha. Harufu ya tairi linaloungua au sauti ya mwanamume anayefoka mlangoni inatosha: moyo unaenda mbio, kifua kinabana, viganja vinatoka jasho. Akili inajua ni leo, lakini mwili unaamini ni siku ile. Huo si wazimu, si laana, na wala si upungufu wa imani.

Kwenye vikao vya familia tunapenda kusema yaliyopita si ndwele. Ni maneno mema penye ugomvi wa mashemeji. Ila kwa mtu ambaye kila usiku anarudishwa palepale alipoumizwa, yaliyopita bado ni ndwele, na ndwele huuguzwa.

Yaliyofanyika hapa hapa Dagoretti

Miaka kadhaa iliyopita, Shirika la Afya Duniani pamoja na World Vision walijaribu huduma mpya katika mitaa ya pembeni ya Nairobi, upande huu wetu wa Dagoretti. Wanawake 421 waliokuwa wamepitia ukatili walishiriki. Nusu yao walipewa huduma ya kawaida katika vituo vya afya. Nusu nyingine walitembelewa na wahudumu wa afya ya jamii, watu wa mtaani ambao hawakuwa wamesomea saikolojia bali walipewa mafunzo mafupi. Walikutana ana kwa ana mara tano, mara moja kwa wiki, kwa saa moja na nusu hivi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: miezi mitatu baada ya vikao hivyo, dhiki ya waliotembelewa ilikuwa imepungua zaidi kuliko ya wenzao.

Walifundishwa nini? Kupumua polepole hadi mwili utulie. Kuchagua tatizo moja linaloweza kutatuliwa na kulikatakata vipande vidogo. Kurudia shughuli walizoziacha. Kumtafuta mtu mmoja wa kuaminika.

Hilo la tatu ndilo tunalolisisitiza zaidi. Aliyeumizwa hungoja moyo upoe kwanza ndipo arudi kanisani, msikitini, kwenye chama au kibandani kwake. Moyo haupoi kwa kungojewa. Anza na jambo dogo kabla hujajisikia kulifanya: fua nguo mbili, suka nywele za mtoto, mpelekee rafiki salamu. Kesho rudia. Nguvu huja ukiwa tayari umeanza, na ndivyo mtu anavyorudi kuishi siku yake.

Kumbukumbu ikikushika ghafla

Bonyeza nyayo zako sakafuni. Taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona: sufuria, pazia, ndoo, kalenda, viatu vya mtoto. Jiambie mahali ulipo na leo ni siku gani. Vuta pumzi kwa utaratibu, kisha itoe taratibu zaidi ya ulivyoivuta. Fanya zoezi hili pia siku ambazo umetulia, ili mwili ulizoee. Pombe na miraa haziponyi. Chang'aa humlaza mtu saa chache, kisha hofu inarudi imezidi.

Kwa jirani na jamaa

Usimlazimishe mtu asimulie yaliyompata. Akitaka kusema, msikilize. Akinyamaza, kaa naye, mpikie chai. Usimwambie wengine waliona makubwa zaidi. Mwanaume akilia, mwacheni alie. Mtoto aliyeanza tena kukojoa kitandani baada ya vurugu haadhibiwi. Anahitaji kujua kwamba mama yupo na mlango umefungwa.

Kama hatari bado ipo

Mazoezi haya hayatoshi kwa mtu anayepigwa sasa. Huyo hana jeraha la jana pekee, ana hatari ya leo, na kwanza anahitaji mahali salama. Aliyebakwa afike hospitali haraka iwezekanavyo: dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi hutolewa ndani ya saa 72. Asingoje hata kuoga.

Ukiwa na mawazo ya kujiua, mwambie mtu leo. Wengi wamenyamaza kwa kuogopa polisi, kwa sababu sheria ilihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho, cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kinakiuka Katiba. Wewe ni mgonjwa anayestahili matibabu.

Anzia kituo cha afya cha Riruta, au Hospitali ya Mbagathi ikiwa uko Kibera. Ikihitajika watakuelekeza Hospitali ya Mathari. Simu hizi ni za bure: 1199 ya Msalaba Mwekundu kwa ushauri nasaha, 1195 kwa dhuluma za kijinsia, 116 kwa watoto. Ukimaliza kusoma, mpe jirani kijitabu hiki.