Mpunga wa ukame nao unataka mto

Mvua za deyr zinapokaribia, katika maduka ya pembejeo mjini Garissa utasikia habari za mpunga usioogopa jua. Mbegu za namna hiyo zipo kweli. Kabla hujafungua mkoba, fahamu kwanza zinavumilia nini.

Anza na hesabu ya mvua. Mpunga hunywa kati ya milimita 450 na 700 za maji kwa msimu mmoja. Garissa hupata kama milimita 300 kwa mwaka mzima, mvua za gu na deyr zikijumlishwa. Hakuna mbegu itakayoziba pengo hilo. Aliye Dadaab au Wajir asijisumbue. Mtama na kunde zitamfaa zaidi. Mpunga ni wa mwenye shamba linalofikiwa na mashine ya maji, kama Sankuri au Balambala kando ya mto Tana, au Rhamu kando ya mto Daua. Hata Wapokomo, waliolima mpunga tangu zamani, waliulima kwa kufuata mafuriko ya Tana.

Zamani mtafiti aliyetaka kujua mpunga upi ni mvumilivu alilazimika kuupanda, kuunyima maji, kisha kungoja mavuno. Mvua ikinyesha katikati, kazi imeharibika. Siku hizi anakata kipande cha jani la mche na kukipima maabara. Kuna alama za vinasaba zinazoonyesha kama mche umerithi sehemu ya kromosomu inayotakiwa. Usio nayo hung'olewa mapema.

Mojawapo ya sehemu hizo huitwa qDTY12.1, iko kwenye kromosomu ya 12, na iliripotiwa mwaka 2007 na watafiti wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga, IRRI. Walikuwa wamepandanisha Vandana, mpunga wa India unaosifika kwa kuvumilia ukame, na Way Rarem wa Indonesia, ambao ukinyimwa maji haufui dafu. Ajabu ni kwamba urithi mzuri ulitoka kwa Way Rarem, ule dhaifu! Ukiingia ndani ya Vandana, mmea huchota maji zaidi udongo unapokauka. Mkulima mwenye jicho kali kuliko wote asingeuona urithi huo kwa kuangalia shamba. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuziheshimu alama hizi, hata kuliko muda unaookolewa.

Wapo watakaoshtuka wakisikia vinasaba, maana mabishano ya GMO hayajatulia tangu Baraza la Mawaziri la Kenya liondoe, Oktoba 2022, marufuku ya mwaka 2012. Hili ni jambo jingine. Chavua ya mpunga mmoja imepelekwa kwenye ua la mwingine. Maabara inasoma matokeo tu.

Sasa twende shambani. Sehemu kama qDTY12.1 huusaidia mpunga tangu shuke linapojiunda hadi kuchanua. Haziuokoi mche mchanga uliosahauliwa kitaluni. Chukua mpunga wa siku 100: toa siku 30 za kukomaa, utaona unachanua karibu na siku ya 70. Wiki mbili kabla ya hapo na wiki moja baadaye ndizo za hatari, kwani ukikaukiwa wakati huo utavuna mapepe. Wekea kipindi hicho akiba ya dizeli. Kama ni lazima ubane maji, bana mapema, mpunga ukiwa bado unatoa machipukizi. Mbegu mvumilivu ni ya siku ile mashine imekufa na fundi hajafika. Itakuachia mavuno, ingawa pungufu.

Dukani, uliza jina la aina ya mbegu na uangalie lebo ya KEPHIS, wakaguzi wa mbegu. Ukiambiwa tu kwamba ni "ya ukame," ondoka. NERICA 4, ambayo wengi wanaijua, ni chotara la mpunga wa Asia na wa Afrika. Sifa yake kubwa huku kwetu ni kukomaa mapema.

Ningeulizwa mimi sifa ya kutafutwa kwanza kwa mashamba ya mtoni, ningetaja chumvi. Ardhi ya Bura, kando ya Tana, ina chumvi chini, na ukimwagilia bila mifereji ya kutoa maji, hupanda juu na kuacha ukoko mweupe. Kwa hilo pia kuna sehemu ya kromosomu inayofuatwa kwa alama, Saltol, iliyotokana na Pokkali, mpunga wa pwani ya Kerala, India. Waulize watafiti wa kilimo wa KALRO Garissa kuhusu mbegu za ukame na za chumvi, na upeleke udongo upimwe kabla ya kununua mbegu.

Kitalu kiwekwe mahali pa juu. Deyr ya 2023 ilileta mafuriko Novemba, na mafuriko hayaulizi mche una kinasaba gani. Anza na robo ekari.