Kuchagua Vyombo vya Kuvutia Tela Unaponunua Pikapu Mpya

Kila baada ya msimu wa mavuno mengi, baadhi ya wanachama wetu hupata uwezo wa kununua pikapu mpya, na swali wanalotuletea aghalabu ni moja: gari ipi ina nguvu ya kuvuta tela? Sisi twaona swali hilo limeanzia mwisho. Nguvu ya injini si taabu kubwa siku hizi. Pikapu za dizeli kama Toyota Hilux, Isuzu D-Max na Ford Ranger, baadhi ya aina zake zimeandikiwa kuvuta hadi kilo 3,500. La kuuliza kwanza ni hili: utavuta nini, uzito wake kilo ngapi, na utateremka nao kilima gani? Majibu yawe tayari kabla ya kutoa fedha, kwani vyombo vingine ni rahisi kuviagiza pamoja na gari, lakini ni ghali na usumbufu kuvitia baadaye.

Tuanze na hesabu ya karafuu. Karafuu mbichi, ikishaanikwa ikakauka, hubaki na kiasi cha theluthi moja ya uzito wake. Mwanachama mwenye magunia 15 ya karafuu mbichi, kila gunia kilo 50, ana kilo 750 za kutoa shamba. Zikishakauka ni kama kilo 250 tu, na mzigo huo pikapu huubeba yenyewe bila ya kuuhisi. Kwa hiyo tela si chombo cha karafuu kavu. Tena karafuu iliyokwisha kaushwa vizuri haifai kwenda wazi nyuma ya gari ikinyonya umande na kula vumbi. Ipakie ndani ya pikapu na uifunike turubali. Tela ni la karafuu mbichi, kuni, saruji, samadi, na kwa wengine wetu mashua. Ikiwa mizigo ya namna hiyo huipati ila mara mbili tatu kwa mwaka, kodi gari ya mwenzio, na fedha za tela zitie katika miche.

Sasa zitazame tena zile kilo 750. Katika vitabu vya pikapu nyingi, hicho ndicho kipimo cha juu cha tela lisilo na breki zake lenyewe, na ndani yake umehesabiwa uzito wa tela pia. Tela tupu la chuma likiwa kilo 300, pamoja na magunia yako 15 huwa kilo 1,050. Hapo umekwisha kuvuka mpaka kwa kilo 300, ingawa kwa macho mzigo waonekana mdogo. Ama uende safari mbili, ama ununue tela lenye breki.

Wako watakaosema, "Mbona nimevuta zaidi ya hapo na gari haikulalamika?" Kwenye tambarare gari hailalamiki. Lakini Pemba yetu ni vilima na mabonde, na ateremkaye kuelekea bandarini Mkoani na tela zito asilo na breki zake hana gari moja mkononi, ana mbili: moja inamtii, na ya pili inamsukuma kwa nyuma. Breki za pikapu zimefanya kazi ya wawili. Zikipata moto sana hupoteza nguvu, na hilo hutokea katikati ya mteremko. Mvua ikiwa imenyesha, tela laweza pia kuipinda gari ubavuni.

Breki za tela ziko za namna mbili zitumikazo sana. Ya kwanza ni ile ya kusukumana: gari ipunguzapo mwendo, tela hujisukuma mbele, na msukumo huo ndio unaovuta vyuma vya breki. Haihitaji kitu chochote ndani ya gari, nayo sisi twaipendelea kwa ajili ya wepesi wake. Kasoro yake ni kwamba ukirudi nyuma kupanda mlima huenda tela likajifunga breki lenyewe, basi uliza kama lina kifungulio. Ya pili ni breki za umeme. Hizi zahitaji kisanduku karibu na dereva na waya maalumu kutoka kwenye betri. Mwenye kuzitaka amwambie muuzaji siku ya kuagiza gari.

Ukipata kitabu cha gari, usisome kilo 3,500 ukakifunga. Tafuta pia uzito wa juu wa gari na mzigo wake, na uzito wa juu wa gari na tela kwa pamoja. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Gari imeruhusiwa kufika kilo 3,100 pamoja na mzigo, na gari na tela pamoja kilo 5,900. Ukiijaza gari mpaka mwisho, tela limebakiwa na kilo 2,800, si 3,500. Tangazo halitakueleza hayo, nawe usitegemee kuelezwa na muuzaji.

Kuna tarakimu nyingine inayosahauliwa mno, nayo ni uzito ambao shingo ya tela huulalia chuma cha gari. Kadiri ya sehemu moja katika kumi ya uzito wa tela zima ni kipimo kizuri, maadamu hakipiti kile kilichoandikwa kwa gari yako. Ukipakia magunia yote nyuma ya ekseli, shingo huwa nyepesi na tela huanza kuyumba kama mkia. Ukiyasukuma yote mbele, gari huketi kwa nyuma, na magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo ya usukani, hupoteza mshiko. Tena uzito wa shingo ni mzigo wa gari. Tela la kilo 1,500 likilalia kwa kilo 150, ni kama umepakia magunia matatu zaidi, na abiria wako watano bado hujawahesabu.

Chuma chenyewe cha kuvutia kifungwe kwa bolti kwenye shasi, pande zote mbili, katika matundu aliyoyaweka mtengenezaji wa gari. Bampa ya nyuma yenye tundu katikati ni ya vitu vyepesi, usidanganywe na unene wake. Wala usikubali kuchomelewa chuma kwenye shasi ya gari mpya. Moto huudhoofisha ule ubora wa chuma cha shasi, na mwenye kiwanda aweza kukukatalia dhamana. Chuma kizuri kina kibati kilichopigwa muhuri wa kilo zake. Kibati kikisema 1,500 na gari ikasema 3,500, mpaka wako ni 1,500. Tazama pia kama chuma hakizuii kushusha tairi la akiba lililo chini ya gari. Jambo dogo, lakini utalikumbuka usiku njiani.

Tufe la juu lina vipimo. Huku kwetu kilichozoeleka ni milimita 50. Vyombo vya Kimarekani hupimwa kwa inchi: moja na saba ya nane, mbili, na mbili na tano ya kumi na sita. Kikombe cha tela cha inchi mbili hukaa juu ya tufe la inchi moja na saba ya nane, kikafungika, na ukaondoka nacho vizuri tu mpaka penye shimo la kwanza. Soma namba iliyochorwa juu ya tufe na ile ya kwenye kikombe. Ukinunua tela kuukuu usiache kusoma zote mbili. Minyororo ya akiba iwe miwili, ipishane chini ya shingo, ili shingo ikichomoka iiangukie minyororo isichimbe barabara.

Waya za taa ziagize pamoja na gari. Gari za sasa zina kompyuta inayochunguza taa zake, na fundi akikata waya na kuunganisha kwa kukisia huleta maradhi yasiyotambulikana. Katika plagi ya kawaida ya pini saba, waya mweupe ndio wa ardhi. Taa za tela zikiwaka ovyo ovyo, huo ndio wa kutazama kwanza, kwani hewa yetu ya chumvi huula upesi. Kwa sababu hiyo hiyo ya chumvi, chagua chuma kilichotiwa zinki kuliko kilichopakwa rangi tu.

Mwenye kununua gari ya gia za kujibadili aulize kama ina kipoozeo cha mafuta ya giaboksi, kwani mzigo mzito mlimani huyapa mafuta hayo moto mkali.

Na wachumaji wasipande juu ya tela, hata kwa mwendo wa kutoka shambani mpaka barabarani. Wapande mbele penye viti, au gari irudi kuwachukua.