Damu Hujua Kabla ya Sukari

Leo nataka tuzungumze juu ya ugonjwa wa kisukari, kwani umeingia nyumbani kwetu.

Babu yangu alichinja mbuzi hapa Kiamaiko tangu ujana wake. Mnunuzi mjuaji kwetu hatazami kitu kimoja. Hufungua mdomo aone meno, hushika mgongo, huangalia macho na hata mavi (msicheke!). Anayetazama manyoya pekee, huyo amekwisha! Lakini babu mwenyewe alijua ana kisukari baada ya kidonda cha mguuni kukataa kupona, ikabidi kidole kikatwe. Je, damu yake haikuwa na dalili nyingine mapema?

Chakula kikishasagwa, damu hubeba chembechembe za kila aina: sukari, mafuta, asidi za amino na kadhalika. Siku hizi kuna mashine za kuzitambua kwa uzito wake, nyingi kwa mara moja, katika damu kidogo tu. Mwaka wa 2011 watafiti wa Boston walitoa matokeo ya damu iliyowekwa akiba katika utafiti wa Framingham, Marekani. Watu 2,422 walikuwa hawana kisukari damu ilipotolewa. Katika miaka 12, 201 wakaugua. Wagonjwa 189 walilinganishwa na wenzao 189 wasiougua, waliofanana nao kwa umri, unene na hata sukari. Kumbe asidi tano za amino, zikiwemo lusini na valini, zilikuwa juu kwa wale wa kuugua, miaka mingi kabla!

Hata hivyo, wengi wa hao walikuwa wa asili ya Ulaya. Je, damu yetu husema vivyo hivyo? Ndiyo maana nilifurahi kusoma kwamba Korogocho, si mbali na hapa, na Viwandani, watu wa miaka 40 hadi 60 walipimwa kiuno, presha, sukari na mafuta ya damu katika utafiti wa AWI-Gen, pamoja na wenzao wa Ghana, Burkina Faso na Afrika Kusini. Walikuwa zaidi ya 10,000. Hapo si chembechembe zote, lakini ni mwanzo.

Kipimo cha zile asidi bado ni cha watafiti. Zahanati hupima sukari tu. Nilipomweleza babu, alicheka akasema, "Kwa hivyo wananikagua kama beberu!" Kisha akamgeukia baba, ambaye ana miaka 46 na hajawahi kupimwa. Baba alinyamaza. Jumamosi tunaenda naye.